Hass, Fuerte, Pinkerton au Reed: uani kwako panafaa mparachichi gani?

Mche wa parachichi huchaguliwa kwa dakika tano kitaluni, kisha mti unakaa uani miaka thelathini na zaidi. Katika dakika hizo tano watu wengi huuliza swali moja: lipi tamu? Swali hilo halisaidii sana, kwa sababu aina zote nne zilizomo humu ni tamu zikichumwa zimekomaa. Tofauti kubwa iko kwenye mti wenyewe: unatanuka kiasi gani, maua yake hufunguka saa ngapi, unazaa kila mwaka au unaruka, na unaanza kuchuma lini.

Mambo mawili kwanza. Aina hizi zina damu ya miparachichi ya Guatemala na ya Meksiko, hivyo hupenda hali ya wastani hadi ya ubaridi. Kama unaishi karibu na usawa wa bahari, kwenye joto na unyevu wa mwaka mzima, zitachanua na kupukutisha. Huko tafuta aina za jamii iitwayo ya Karibi, kama Simmonds au Pollock, zenye matunda makubwa, ganda laini na mafuta machache. La pili, chochote utakachochagua kiwe mche wa kubebesha, yaani kitawi cha aina unayoitaka kilichopachikwa juu ya shina la mche mwingine. Mbegu ya Hass haizai Hass. Inazaa kitu kingine ambacho hakuna anayekijua, na mara nyingi utangoja miaka mitano hadi kumi na zaidi ndipo ukione. Mche wa kubebesha huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne.

Vigezo vya kulinganishia

*Nafasi.* Simama pale shina litakapokuwa, pima mpaka ukutani, kwenye paa, kwenye shimo la maji machafu na chini ya nyaya za umeme. Kipimo kifupi kuliko vyote ndicho kinachoamua. Mti ulioachwa bila kupogolewa unaweza kupita mita 8 kwenda juu, na baadhi hutanuka zaidi ya hapo kwenda pembeni.

*Msimu.* Parachichi haliivi mtini. Linakomaa likiwa juu, kisha linalainika baada ya kuchumwa. Maana yake mti ni ghala: unachuma matano leo, mengine yanabaki yakining'inia kwa majuma au miezi. Lakini kila aina ina mlango wake wa kuingia na wa kutoka.

*Baridi.* Kama jalidi huanguka kwenu, nyuzi moja au mbili za tofauti ndizo zinazoamua mche utaona mwaka wa pili au la.

*Tunda.* Uzito, ganda, ukubwa wa kokwa, na kama rangi inakwambia lolote.

*Kundi la maua.* Hiki ndicho watu wengi hukiruka, na ndicho chanzo cha ile miti mikubwa mizuri inayochanua sana na kuzaa matunda sita.

Habari ya maua, kidogo kwa undani

Ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwa siku mbili. Mara ya kwanza linakuwa la kike, linafunga, kisha linafunguka tena likiwa la kiume. Kundi A hufunguka la kike asubuhi, na kesho yake alasiri hurudi likiwa la kiume. Kundi B hufunguka la kike alasiri, na kesho yake asubuhi likawa la kiume. Kwa hiyo asubuhi miti ya B ina chavua na miti ya A inaihitaji. Alasiri mambo yanageuka.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Shika ua lililo wazi saa nne asubuhi. Ukiona kisindano kimoja cheupe kimesimama katikati, na vijiti vya chavua vimelala juu ya petali, hilo ni la kike. Ukiona vijiti vimesimama wima kukizunguka kisindano, vikiwa na unga wa manjano nchani, ni la kiume.

Hass, Pinkerton na Reed ni A. Fuerte ni B. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, ratiba hii huvurugika na zamu zikaingiliana, ndiyo maana mti mmoja peke yake unaweza kuzaa vizuri tu. Mti wa kundi la pili huongeza mavuno, lakini si lazima uwe wako. Nyuki hawajui mipaka ya viwanja. Kabla hujatumia nafasi kwa mti wa pili, chungulia kwa jirani. Na ukipanda Hass na Reed pamoja, umepata misimu miwili, ila kwa uchavushaji hujaongeza chochote cha maana, maana wote ni A.

Kwa mtazamo mmoja

| | Hass | Fuerte | Pinkerton | Reed |
|---|---|---|---|---|
| Kundi la maua | A | B | A | A |
| Umbo la mti | wastani, mviringo | mpana, matawi ya chini | wastani, unatanuka kiasi | mwembamba, wima |
| Zamu ya kuchumwa | ya tatu, ndefu | ya kwanza | ya pili | ya mwisho |
| Uzito wa tunda | g 150–340 | g 170–400 | g 230–425 | g 225–510 |
| Ganda likiiva | jeusi, lenye vipele | kijani, laini, jembamba | kijani, lenye vipele | kijani, nene na gumu |
| Baridi linalovumiliwa | hadi −1 au −2 °C | hadi −3 °C hivi | hadi −1 °C hivi | hadi −1 °C hivi |

Vipimo vya baridi ni vya mti uliokwisha kukomaa na kwa saa chache tu. Mche wa mwaka wa kwanza hufunikwa usiku wa jalidi hata ukiwa Fuerte.

Hass

Ilitokana na mbegu iliyopandwa na Rudolph Hass, mtu wa posta, huko La Habra Heights, California. Akaisajili mwaka 1935. Mti mama uliishi mpaka mwaka 2002, ukauawa na kuoza kwa mizizi, ugonjwa tutakaourudia chini.

Mti wake ni wa wastani na unakubali kupogolewa. Ukikata vichipukizi vya juu kila baada ya mavuno, unaweza kubaki mita 4 au 5 bila kugoma kuzaa. Zamu yake ni ndefu kuliko ya wenzake: likishakomaa, tunda hukaa mtini miezi kadhaa likizidi kuwa na mafuta.

Ndiyo aina pekee kati ya hizi nne ambayo rangi yake inasema. Hapa kuna mtego mmoja: weusi ni dalili kwamba tunda lililochumwa limeiva kuliwa. Si dalili ya kuchuma. Anayesubiri yageuke meusi mtini kabla ya kuyagusa huwa amechelewa kwa miezi.

Kasoro yake kubwa ni udogo. Mti ukipata kiu wakati matunda yanakua, au ukibeba mengi kupita nguvu zake, unakupa matunda ya ukubwa wa yai la bata. Pia huruka mwaka: mwaka wa neema hufuatwa na mwaka wa matawi matupu, hasa ukiacha mavuno makubwa yaning'inie mpaka maua mapya yatoke. Matunda yale ya zamani yanakula akiba ya mti ambayo ingelea maua. Mwaka wa neema, chuma nusu au zaidi kabla ya kuchanua.

Inamfaa mwenye nafasi ya mti mmoja tu, anayetaka kuchuma kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Fuerte

Kitawi chake kilitoka Atlixco, Meksiko, mwaka 1911, kikapelekwa California. Baridi kali ya 1913 iliangamiza miche mingi, hii ikabaki hai, ikaitwa Fuerte, yaani yenye nguvu kwa Kihispania.

Jina halidanganyi kuhusu baridi. Ila mti ni mkubwa wa kiwiliwili: unapanuka kuliko unavyopanda, na matawi yake ya chini hutaka kulala ardhini. Mpe kipenyo cha mita 8 au zaidi. Ukiupogoa kwa nguvu ili utoshee mahali padogo, unajibu kwa majani mengi na maua machache. Kwa kivuli cha kukalia, hakuna unaoufikia kati ya hii minne.

Tunda lake lina umbo la peasi, ganda humenyeka kwa kidole, na wengi wanaojua maparachichi huliweka juu ya Hass kwa ladha. Mimi pia. Lakini wembamba ule ule wa ganda ndio udhaifu wake: hupata michubuko, na kwenye mvua nyingi ugonjwa wa chule huliwekea madoa meusi yanayozama ndani. Fungua katikati ya mti upate hewa, toa matawi makavu, na usiache matunda yaliyooza yakining'inia, maana ndiko vimelea hujificha.

Kuruka mwaka ni tabia ya Fuerte kuliko Hass. Tena inachagua hali ya hewa wakati wa kuchanua. Majuma ya baridi yakiangukia kwenye maua, utaona vitunda vyembamba kama vidole, visivyo na kokwa. Huo si ugonjwa, ni uchavushaji uliokwama. Vinalika.

Inamfaa mwenye uwanja mpana au sehemu yenye jalidi, na yule ambaye tayari ana mti wa A unaochanua bila kuzaa.

Pinkerton

Asili yake ni shamba moja huko Saticoy, California. Huanza kuzaa mapema na huzaa mengi. Mti wa miaka minne unaweza kuhitaji miti ya kuegemeza matawi. Tunda ni refu, lenye shingo, na kokwa yake ni ndogo, kwa hiyo sehemu ya kula ni kubwa kwa uzito uleule. Mti hautanuki sana na matawi yake hayako juu, hivyo mengi huchumwa ukiwa umesimama chini, bila kingoe.

Tatizo lake ni la muda. Huchanua kwa kipindi kirefu, pengine kwa mafungu mawili au matatu, na matunda ya mti mmoja yanatofautiana umri kwa majuma mengi ilhali kwa nje yanafanana. Ukichuma yote siku moja, nusu yatanyauka bila kulainika. Ukingoja ya mwisho yakomae, ya kwanza yanapitiliza na nyama yake inageuka kijivu. Dawa yake ni uzi: matawi yaliyochanua mwisho yafunge uzi wa rangi wakati vitunda vikiwa kama zabibu, kisha chuma yasiyo na uzi kwanza.

Inamfaa asiyependa kungoja, mwenye nafasi ya wastani, na ambaye hachoki kukagua mti wake. Mtu wa kuchuma mara moja kwa mwaka aiache.

Reed

Hii nayo ni ya California, ilianzia Carlsbad mwaka 1948. Umbo la mti wake ndilo linaloifanya itajwe kila panapozungumzwa viwanja vidogo: unakwenda juu kama nguzo, na ukipogolewa pembeni kidogo unaweza kukaa mita 3 kutoka ukutani.

Tunda ni la mviringo kama mpira, zito, na ganda lake ni gumu. Linabaki kijani mpaka mwisho, na ugumu wa ganda huwadanganya wanaolibonyeza tumboni. Bonyeza karibu na kikonyo. Pakikubali kidogo tu, limeiva. Huzaa kwa utulivu zaidi, bila kuruka sana. Uzito wa matunda huvunja matawi membamba, hivyo mti ungali mchanga punguza vitunda, kila kichala kibaki na kimoja au viwili.

Gharama yake ni subira. Sehemu za ubaridi linaweza kuchukua zaidi ya mwaka kutoka ua hadi kuchumwa, hivyo utakuta mtini matunda ya msimu uliopita na vitunda vipya kwa pamoja. Wanaoona hivyo kwa mara ya kwanza hudhani mti umechanganyikiwa. Kwenye jalidi ni dhaifu.

Inamfaa mwenye uwanja mwembamba usio na jalidi, na anayetaka maparachichi wakati aina nyingine zimekwisha.

Kujua kama limekomaa

Kwa aina tatu za kijani, jaribu tunda moja kabla ya kuchuma mengi. Chagua kubwa, likate kwa mkasi ukiliachia kikonyo kifupi (ukilinyofoa, tundu linalobaki ni mlango wa uozo), liweke ndani ya nyumba siku 7 hadi 14. Likilainika sawasawa na ganda likabaki limejaa, mengine ya umri huo yako tayari. Likisinyaa shingoni na kutafunika kama mpira, ngoja majuma mawili au matatu ujaribu tena. Ukilipasua, angalia ngozi ya kokwa: nyembamba ya kahawia ni dalili ya kukomaa, nene nyeupe ni uchanga.

Tunda gumu usiliweke kwenye friji. Baridi ya chini ya nyuzi 5 huliua kabla halijaiva, na nyama yake huwa ya kijivu. Friji ni ya tunda lililokwisha kulainika.

Yasiyorekebishwa na aina yoyote

Miche mingi hufa kwa maji kuliko kwa kiu. Mizizi inayolisha mparachichi iko juujuu, sehemu kubwa ndani ya sentimita 30 za kwanza, na udongo ukikaa na maji, kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi huiozesha. Mti unaoanza kuoza mizizi huonekana kama wenye kiu: majani madogo, yaliyofifia, yanayolegea. Mwenye mti humwagilia zaidi, na ndiyo huwa mwisho wake.

Pima kabla. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache lishuke, lijaze tena. Kama mara ya pili maji yanashuka chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa, usichimbe shimo la kupandia hapo. Inua tuta la mviringo lenye kimo cha sentimita 40 hadi 60 na upana wa mita 1 na nusu, upande juu yake. Mahali pazuri, shimo liwe na upana mara mbili ya mfuko na kina sawa na mfuko, si zaidi. Ukilichimba refu na kulijaza samadi, samadi itaoza, udongo utatitia, na shina litazama. Alama ya kubebeshea ibaki juu ya udongo.

Funika eneo la chini ya matawi kwa matandazo ya sentimita 10 hivi, ukiacha kiganja kizima kati ya matandazo na shina. Mwaka wa kwanza, lita 8 hadi 15 mara mbili au tatu kwa juma zinatosha mahali pakavu, lakini chomeka kidole kwanza: udongo ukiwa bado na unyevu kwa kina cha kidole, acha. Ncha za majani zikiungua kahawia, mara nyingi ni chumvi ya maji au ya mbolea. Mwagilia maji mengi mara moja ili kuisukuma chini, badala ya kidogo kila siku.

Chipukizi lolote linalotoka chini ya alama ya kubebeshea ling'oe likiwa changa. Ukiliacha litamshinda mwenzake, na baada ya miaka mitano utakuwa na mti usio na jina.

Uchague kwa hali yako

Uwanja mwembamba, ukuta pande mbili, hakuna jalidi: Reed. Kama huwezi kungoja hivyo, Pinkerton iliyopogolewa mapema kila mwaka, ukikubali kazi ya uzi.

Jalidi ya kila mwaka: Fuerte, nayo iwe mahali pa mteremko ambapo hewa baridi inashuka na kupita, si kwenye bonde au nyuma ya ukuta unaoizuia. Hass ikiwa jalidi ni ya kubahatisha.

Nafasi ya mti mmoja tu na jirani ana mparachichi: muulize ni upi. Akiwa na Fuerte, chagua wowote kati ya A tatu. Akiwa na Hass, Fuerte yako itawanufaisha nyote wawili, mradi una upana wa kuitosha.

Nafasi ya miti miwili: Fuerte na Reed huanza na kumaliza msimu, na wana makundi tofauti ya maua. Fuerte na Hass hukaribiana zaidi kwa wakati, lakini Hass hubaki mtini muda mrefu, hivyo pengo si kubwa. Panda ule mrefu upande usioutia kivuli mwenzake. Parachichi lililo kivulini huchanua upande mmoja tu.

Una mti mkubwa tayari usiozaa: usiukate kwanza. Angalia maua yake saa nne asubuhi kama ilivyoelezwa, ujue kundi lake, kisha bebesha tawi moja la kundi la pili juu yake. Tawi moja linalochanua hutosha kuleta chavua. Lifunge kitambaa ili siku ya kupogoa asije mtu akalikata.

Kitaluni nako, baada ya kuamua, jina kwenye kibao si mwisho wa kazi. Alama ya kubebeshea iwe imeziba bila ufa, shina juu na chini yake yalingane unene. Mwombe mwenye kitalu aufungue mfuko upande mmoja: mizizi myeupe, isiyozunguka kama kamba chini ya mfuko, chukua. Ukikuta ya kahawia inayokatika kwa kuguswa, acha mche huo hapo hapo, hata kama ndio wa mwisho wenye jina ulilolifuata.